Vidonge Kumi vya Maskati

Pakiti hiyo ninayo hadi leo. Imebonyea pembe moja, na ndani yake vimebaki vipande vya kibati cha vidonge chenye matundu kumi, yote yametobolewa. Vidonge vyenyewe vilikuwa nusu kijivu, nusu manjano. Mimi ndiye niliyevigawa kwa mkono wangu, Jumatatu moja ya Julai 2023, baada ya swala ya isha, sebuleni kwetu Ngamiani, Tanga. Naandika habari hii kwa ruhusa ya shangazi yangu, maana ndiye aliyelipia ugawaji ule.

Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tumempokea baba mdogo na mkewe kutoka Makka. Anayeijua nyumba inayopokea haji hahitaji kuelezwa. Mlango u wazi tangu alfajiri, mikeka imetandikwa mpaka barazani, watu wanaingia kwa makundi kumpa mkono haji na kumwomba dua. Baba mdogo alikuwa anakohoa. Alikohoa akiitikia salamu, akakohoa akimimina Zamzam kwenye vikombe vya kahawa, akakohoa akisimulia Mina na Arafa. Hakuna aliyeshtuka. Kikohozi cha Hija tumekizoea, kila anayerudi hurudi nacho pamoja na tende na tasbihi. Mwaka ule waliohiji walizidi milioni 1.8, na watu wakilala bega kwa bega kwenye mahema na kutufu wakipumuliana visogoni, virusi vya mafua havihitaji nafasi nyingine. Mamlaka za Saudia humtaka kila haji awe amechanjwa homa ya uti wa mgongo, na huhimiza sana chanjo ya mafua. Baba mdogo alichanjwa ile ya lazima. Ya pili aliona si lazima, akaiacha.

Shangazi alikaa ubavuni mwake siku nzima. Ni dada yake mkubwa, wakati huo alikuwa na miaka 67, na kisukari ameishi nacho mwaka wa kumi na tano. Watoto wa mtaa wanamjua zaidi kwa chuo chake. Kila jioni huwasomesha Kurani barazani, na sauti yake husikika mpaka nyumba ya nne.

Jumatatu asubuhi alikuwa uani anakuna nazi. Alasiri hakuweza kusimama. Sizidishi neno: asubuhi yuko juu ya mbuzi, alasiri yuko kitandani, shuka mpaka kidevuni, meno yanagongana, na mwili mzima unauma hata kuguswa hataki. "Ilinianza niliposhika kifuu cha tatu," alituambia mwenyewe.

Kauli hiyo peke yake ingetosha kutuamsha, kama tungejua kuisikiliza. Sisi tuna neno moja, mafua. Mtoto akitoka kamasi ana mafua. Mtu akipiga chafya kwa vumbi la barabarani ana mafua. Na mtu akiangushwa na influenza, ugonjwa ule ule ulioua mamilioni ya watu duniani mwaka 1918, naye tunasema ana mafua, kisha tunaongeza "tu". Mafua ya kawaida huja kwa hatua. Leo koo linawasha, kesho pua inaziba, na mgonjwa bado anakwenda sokoni. Influenza huangusha. Mgonjwa wake mara nyingi anaweza kukutajia saa iliyomwanza, kama shangazi alivyokitaja kifuu chake.

Kaka yangu anafanya kazi Maskati. Alikuwa amekuja likizo ya Idi pamoja na mkewe, na kwenye begi lake mlikuwa na pakiti ya dawa aliyoandikiwa na daktari huko alipougua. Alipata nafuu kabla hajaianza, akaiweka. "Hii ndiyo dawa yenyewe ya mafua," alisema. "Siyo Panadol. Hii inapambana na virusi." Hakukosea. Ilikuwa oseltamiviri, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Tamiflu, miligramu 75 kila kidonge. Vidonge kumi.

Nyumbani tulikuwa watu kumi na mmoja. Mama akasema neno ambalo mzazi yeyote mwenye huruma angelisema: sote tumekaa na haji, leo kaanguka mmoja, kesho wataanguka wengine, basi kila mtu apate kinga yake. Hakuna aliyepinga. Nikachukua mkasi nikakata kibati vipande vipande. Shangazi kimoja, kwa maji ya uvuguvugu. Baba mdogo kimoja, mkewe kimoja. Mama, kaka, mimi. Kisha watoto wanne. Mdogo wao alikuwa na miaka mitatu, kwa hiyo tulimfungulia kidonge chake tukachanganya unga wake na asali, na saa haikupita akatapika kila kitu kwenye mkeka. Wa kumi na moja alikuwa mke wa kaka, mwenye mimba ya miezi sita. Yeye tulimruka kwa makusudi. Tuliogopa dawa isije ikamdhuru mtoto tumboni.

Usiku ule nililala nimeridhika. Nikikumbuka hilo hadi leo moyo huniuma kuliko mengine yote yaliyofuata.

Jumanne tulimpeleka shangazi kupima malaria. Hana. Tulirudi tumefurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyotulaza usingizi: si malaria, basi ni mafua tu. Njiani tukapitia duka la dawa tukanunua vile vidonge vya rangi mbili, amoksilini, bila cheti na bila kuulizwa cheti. Amoksilini ni antibayotiki. Inaua bakteria, na haina kazi yoyote kwa virusi. Lakini mtu akishika dawa mkononi huona amechukua hatua, na aliyekwisha kuchukua hatua hatafuti nyingine. Jumatano na Alhamisi zikaenda kwa tangawizi, mdalasini na kujifukiza. Ijumaa asubuhi homa ikashuka, akaomba uji, tukamshukuru Mungu. Ijumaa usiku homa ikarudi, na safari hii ilikuja na pumzi fupi. Alikuwa akisema maneno matatu anapumzika, maneno mawili anapumzika. Jumamosi alfajiri tukatafuta gari.

Daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alimwamkia shangazi shikamoo kwanza, akasubiri mpaka mgonjwa aipate pumzi ya kuitikia marahaba, ndipo akamwekea kipimo kidoleni. Oksijeni 84. Sukari ilikuwa imepanda kupita kiasi, kama inavyopanda kwa mwenye kisukari akishikwa na maradhi makali. Alimwingiza kijiti cha pamba puani, na majibu yakaja kabla ya adhuhuri: influenza A. Picha ya kifua ikaonyesha nimonia pande zote mbili.

"Ilianza lini?" akaniuliza.

"Jumatatu asubuhi."

"Amemeza nini?"

Nikataja amoksilini. Kisha nikatoa pakiti ya Maskati mfukoni, na nakiri niliitoa kwa fahari kidogo, nikitaka ajue kwamba sisi hatukukaa bure. Akaisoma, akaigeuza.

"Alimeza ngapi?"

"Kimoja."

"Na tisa?"

Nikamweleza. Hakunifokea. Alikunjua vidole akaanza kuhesabu taratibu, sauti ya chini, kama anayejihesabia mwenyewe. "Jumatatu usiku kimoja. Jumanne viwili. Jumatano viwili. Alhamisi viwili. Ijumaa viwili. Leo asubuhi kimoja." Akanitazama. "Leo ndiyo angekuwa anamaliza."

Hesabu hiyo sikuijua, na hakuna aliyeijua nyumbani, ingawa ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ndani ya pakiti kwa Kiarabu na Kiingereza. Mtu mzima aliyekwisha kuugua humeza kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku 5. Ni vidonge kumi, pakiti nzima. Asiyeugua, aliyekaa karibu na mgonjwa na anayetaka kujikinga, humeza kimoja kwa siku, kwa siku 7 mpaka 10. Huyo naye ni pakiti nzima, au karibu na hapo. Watoto hupimiwa kwa uzito wao, si kwa kukisia. Kwa hiyo pakiti moja ni ya mtu mmoja, akiwa mgonjwa au akiwa anajikinga, na hakuna hesabu inayoifanya itoshe kumi. Dawa yenyewe haikai mwilini. Kidonge cha Jumatatu usiku kinakuwa kimekwisha nguvu Jumanne, na kinga yake hudumu kwa siku zile tu mtu anapoendelea kuimeza. Tulichokifanya hakikumkinga yeyote. Mimi mwenyewe nilianza kukohoa Jumatano.

Daktari alinieleza pia kwa nini siku za mwanzo ndizo zenye thamani, nami nitalieleza kwa namna ambayo mtu wa Tanga ataiona. Virusi vya influenza vikiingia kwenye seli za njia ya hewa huzifanya kiwanda, na kila seli hutoa virusi vipya kwa wingi. Lakini virusi hivyo vinapotoka hubaki vimenasa juu ya seli iliyovizaa, mfano wa madau yaliyofungwa gatini kwa kamba. Ili viondoke, vina kimeng'enya kiitwacho nyuraminidasi, nacho ndicho kisu cha kukatia kamba. Oseltamiviri hujipachika penye makali ya kisu hicho. Madau yanabaki gatini, hayaendi kuvamia seli nyingine, na kinga ya mwili inayakuta pale pale. Dawa haizamishi dau lililokwisha kwenda. Virusi hivi huwa vingi mno katika siku moja au mbili za kwanza za ugonjwa. Ndiyo maana madaktari husisitiza ianzwe ndani ya saa 48, na ikiwezekana mapema zaidi. Mtu akifika siku ya sita madau yamekwisha kusambaa pwani yote, na mara nyingi mapafu yaliyochubuliwa na virusi yameshaingiwa na bakteria juu yake. Homa ile ya shangazi iliyoshuka Ijumaa asubuhi na kupanda usiku ilikuwa na maana hiyo.

Jumatatu usiku, nilipokuwa nakata kibati kwa mkasi, ugonjwa wake ulikuwa haujatimiza hata siku moja. Tulikuwa na dawa, na wakati tulikuwa nao mwingi.

Hata hivyo daktari aliandika oseltamiviri siku ile ile, kwa sababu mgonjwa aliyelazwa na hali yake kuwa mbaya hupewa hata akichelewa. Mjini hatukuipata. Binamu yangu akaipata Dar es Salaam kwa cheti kilichotumwa kwa simu, akamkabidhi kondakta wa basi, na Jumapili nikaipokea stendi. Antibayotiki nayo aliwekewa, ya mshipani, na safari hii ilikuwa na kazi ya kufanya.

Pakiti zilizokuja na basi zilikuwa mbili. Daktari alipoorodhesha watu wa nyumbani na kusikia kuna mjamzito ambaye ameanza kukohoa na kupata homa tangu Ijumaa, aliweka kalamu chini. "Huyo mliyemruka," alisema, "ndiye wa pili ambaye mngempa."

Sikumwelewa siku hiyo. Nilielewa baadaye niliposoma yaliyotokea mwaka 2009, mafua ya H1N1 yalipoenea duniani. Kati ya Aprili na Agosti mwaka huo, nchini Marekani walikusanya taarifa za wajawazito 788 waliougua. Walikufa 30. Walioanza dawa baada ya siku 4 waliingia chumba cha mahututi mara 6 zaidi kuliko walioanza ndani ya siku 2, na katika hao waliowahi alikufa mmoja. Mimba hubana mapafu, hubadili kinga ya mwili, na influenza hulijua hilo. Sisi tulimnyima mke wa kaka dawa kwa kumpenda. Alimeza vidonge vyake vyote kumi, vya kwake peke yake, akakohoa siku tisa, na mwezi wa Oktoba akajifungua mtoto wa kiume mzima. Siwezi kusema dawa ndiyo iliyomwokoa, kwa sababu wengi hupona bila hiyo. Nasema tu kwamba yeye na shangazi ndio waliokuwa hatarini katika nyumba ile, na katika vidonge kumi wao wawili walipata kimoja.

Wale wengine tisa tungewaacha. Baba mdogo alikuwa ameshamaliza siku zake za ugonjwa. Watoto wanne walipata homa ya siku mbili wakarudi kucheza mpira. Kwa mtu mwenye afya njema dawa hii faida yake ni ndogo, na hilo si maneno yangu. Mwaka 2014 watafiti wa Cochrane, kundi la kimataifa linalochambua ushahidi wa tiba, baada ya kuvutana kwa miaka na kampuni ya Roche, watengenezaji wa Tamiflu, mpaka wakapata kumbukumbu kamili za majaribio, waliandika kwamba kwa watu wazima dawa hupunguza muda wa dalili kutoka siku 7 mpaka siku 6.3. Ni kama saa 17. Wakaandika pia kwamba huongeza kichefuchefu na kutapika, jambo ambalo mkeka wetu ulikuwa umeshalishuhudia, na kwamba hawakuona ushahidi thabiti wa kupunguza kulazwa hospitali. Serikali ya Uingereza wakati huo ilikuwa imetumia pauni milioni 424 kuiweka ghalani. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2023 ulifika pale pale kwa wagonjwa wasiolazwa.

Kwa hiyo nilipomuuliza daktari swali lililokuwa limenikaa kooni, kama shangazi angemeza vyote kumi asingelazwa, alinijibu kwa ukweli, nami ninamheshimu kwa hilo. "Hilo sikuapii. Ninachokuambia ni kwamba alikuwa na nafasi, na haikutumika."

Wataalamu hawajamaliza kuvutana. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kinawaambia madaktari wasisubiri hata majibu ya maabara kwa mtu mwenye kisukari, pumu, mimba au umri mkubwa: aanzishiwe oseltamiviri mara moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Septemba 2024, limeiweka oseltamiviri upande wa wagonjwa mahututi, na kwa walio hatarini ambao bado hawajazidiwa limependekeza, kwa tahadhari, dawa mpya zaidi iitwayo baloksaviri, inayomezwa mara moja tu. Wote wawili, hata hivyo, wanatazama mahali pamoja: ni nani aliye hatarini, na saa ngapi zimepita. Katika kuvutana kwao kote sijakuta hata mmoja anayeshauri kugawana.

Lipo pia suala la usugu, nami nataka kulisema bila kumtisha mtu kwa uongo. Kabla ya oseltamiviri kulikuwa na amantadini, iliyoruhusiwa Marekani tangu mwaka 1966. Mwaka 2005 iliripotiwa kwamba wafugaji nchini China walikuwa wakiwapa kuku wao kwa hofu ya mafua ya ndege. Januari 2006 zaidi ya asilimia 90 ya virusi vya H3N2 vilivyopimwa Marekani vilikuwa sugu kwa dawa hiyo, na madaktari wakaambiwa waache kuiandika kwa mafua. Dawa iliyotumika miaka 40 ikawa haifai tena. Ingekuwa rahisi kusema kuku wale ndio walioiua, lakini virusi hivi vina njia zao: badiliko la usugu laweza kubebwa na mabadiliko mengine na kuenea hata pale dawa isipotumika. Majira ya baridi ya 2007 kuingia 2008, virusi vya H1N1 vya wakati huo vilivyo sugu kwa oseltamiviri vilijitokeza kwa wingi Norway, nchi ambayo watu wake hawakuwa wakiitumia sana, na msimu uliofuata karibu H1N1 yote ya kawaida ilikuwa sugu. Kilichotuokoa ni kwamba H1N1 mpya ya mwaka 2009 iliisukuma ile ya zamani ikatoweka, na hiyo mpya ilikuwa bado inaisikia dawa. Tulinusurika kwa bahati. Dawa za kutegemea ni chache, na kumpa kidonge kimoja mtu ambaye virusi vimeshaanza kuzaana ndani yake ni kuvionyesha silaha bila kuvipiga. Nyumbani kwetu tulifanya hivyo kwa watu kadhaa kwa usiku mmoja.

Shangazi alilala hospitali siku kumi na sita. Siku ya kumi waliweza kumtoa oksijeni kwa muda wa kula. Aliporudi, mtaa mzima ulikuja kumpa pole, na wakati huu tuliwaomba watu wakae barazani, wasiingie chumbani, jambo ambalo wiki tatu kabla tungeona ni utovu wa adabu. Chuo chake alikifungua tena Septemba. Zamani alikuwa akisoma kurasa nzima kwa sauti moja tulivu. Sasa husimama kwenye kila alama ya wakfu inayoruhusu kusimama, na mara nyingine husimama pasipo na alama, katikati ya aya, mkono kifuani. Watoto wamejifunza kungoja. Hawamsaidii neno linalofuata, wanangoja mpaka alifikie mwenyewe.

Nilimwomba radhi. Alinishika mkono akasema, bila hasira yoyote, "Mliigawa pumzi yangu kama tende za Makka. Lakini mlinipa na mimi tende yangu." Kisha akanitaka niende nikajifunze, niache kulia.

Kaka alipiga simu kutoka Maskati akataka kutuma pakiti tatu zikae nyumbani kwa dharura. Daktari akakataa. Dawa iliyofichwa kabatini hugawiwa, alisema, na siku inapohitajika huwa ama imekwisha muda wake ama ameshapewa jirani. Alitupa mpango mwingine. Shangazi achanjwe chanjo ya mafua kila mwaka, na wanaokaa naye pia wakiweza, kwa sababu chanjo ndiyo kinga ya kwanza na huhitaji wiki mbili kushika. Akipata homa ya ghafla, asingoje kesho: apimwe siku ile ile, malaria na influenza pamoja. Duka la Dar es Salaam lenye dawa tulijue kwa jina, na namba ya kondakta iwe kwenye simu. Na mwenye kikohozi, hata awe ametoka kuhiji usiku huo, ampe shangazi salamu zake kutoka mlangoni.

Mwaka 2024 alichanjwa mwezi wa Mei. Chanjo haizuii kila homa, na mwishoni mwa Julai, Jumatano alasiri, siku chache baada ya jirani aliyerudi kutoka Makka kupita na sahani ya tende, alituita. Hakusema ana mafua. Alisema, "Imeanza. Tazameni saa." Ilikuwa saa tisa na nusu. Saa kumi na moja tulikuwa kliniki, kijiti cha pamba kikaingia puani, na jibu likawa influenza A. Cheti kilikwenda Dar es Salaam kwa simu jioni hiyo. Basi lilifika Alhamisi alasiri, na saa kumi na mbili jioni akameza cha kwanza baada ya uji, saa ishirini na sita na nusu tangu alipotuita.

Tulipanga kumi na mbili kwa kumi na mbili: saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni. Mjukuu wake, yule aliyetapika kwenye mkeka, alikuwa na miaka minne sasa, akapewa kazi ya kusimama mlangoni na kuuliza, "Bibi, umeshameza?" Ijumaa homa ilikuwa juu. Jumamosi ilikuwa juu kidogo. Jumapili aliomba redio. Sukari yake tulipima mara nne kwa siku, na pumzi yake nilikuwa naisikiliza usiku nikiwa nimekaa nje ya mlango, nikihesabu maneno anayoweza kusema bila kupumzika. Hayakupungua.

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi akameza cha kumi. Akaniomba kibati. Akapitisha kidole kwenye matundu, moja baada ya jingine, kama anayevuta tasbihi, akakunja karatasi ya maelezo akairudisha ndani ya pakiti, akaniambia nikaiweke kabatini karibu na ile nyingine.